Tumbo limepunguzwa, na ugali je?

Miaka michache iliyopita mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetaka kupunguzwa uzito hospitalini alikata tiketi ya ndege kwenda India au Uturuki. Siku hizi anaweza kupanda gari la Mbezi na kuunganisha hadi Mloganzila. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inawawekea puto tumboni watu wenye uzito uliopitiliza, na upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula nao umeanza kufanyika hapa nchini.

Mahitaji yapo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito mkubwa au kiribatumbo. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza kigezo chao. Zamani mgonjwa alipaswa kuwa na BMI ya 40, au 35 kama ana ugonjwa kama kisukari. Sasa wanapendekeza 35, na wenye kisukari au maradhi mengine yatokanayo na unene wafikiriwe kuanzia 30. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kuanzia 2022 na ambaye 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa WHO Kanda ya Afrika, amezungumzia ulaji wetu hadi vijiwe vya kahawa vikagawanyika kwa ajili ya wali na ugali.

Lakini angalia tunavyozipokea habari hizi. Tunahesabu kilo na kuweka picha ya kabla na ya baada. Wiki ya saba haina picha, ile siku mgonjwa anapokaa tena mbele ya chakula kigumu nyumbani kwake Gerezani au Mchikichini, na sinia limeshatua. Kwa maoni yangu hapo ndipo matibabu haya yanapofaulu au kuharibika, na hapo ndipo tumemwacha mgonjwa peke yake. Karatasi nyingi za chakula ninazoonyeshwa na wagonjwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zikitaja aina za jibini ambazo hutazikuta Kisutu wala Buguruni. Mgonjwa anaikunja, anaiweka kwenye pochi, anakula anachojua.

Kwanza uelewe ulichofanyiwa. Katika upasuaji unaofanyika zaidi duniani, daktari huondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, kikabaki kitu chembamba mfano wa ndizi. Katika aina ya pili hutengenezwa kifuko cha ujazo wa vijiko viwili vya chakula hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mpira kupitia mdomoni, hukaa miezi sita kwa kawaida, kisha hutolewa, na mfuko wako unabaki vilevile ulivyokuwa. Kwa hiyo mwenye puto hurudi kwenye chakula kigumu mapema zaidi, na aliyepasuliwa ana mshono ndani ambao lazima upone kwanza. Usifuate ratiba ya jirani yako kabla ya kujua yeye alifanyiwa nini.

Kwa aliyepasuliwa, mpangilio wa kawaida ni huu, ingawa daktari wako anaweza kuubadili. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Hadi mwisho wa wiki ya pili ni vimiminika vyenye lishe: maziwa, mtindi mwepesi usio na sukari, uji mwembamba uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa, na hapa sisi tuna bahati kuliko wenye ile karatasi, kwa sababu mtori tunao. Ndizi zilizopondwa na nyama iliyosagwa kabisa, bila mafuta ya kuelea juu, ni chakula kamili cha wiki hizo. Maharage au kunde zilizochemshwa zikalainika, zikasagwa na kuchujwa maganda, nazo zinafaa. Wiki ya tano na ya sita ni vyakula laini: yai la kuchemsha lililopondwa, samaki wa mchuzi asiye na miba, boga, mchicha uliokatwakatwa sana. Chakula kigumu huanza wiki ya saba au ya nane, kimoja kimoja. Ukijaribu kipya leo, usijaribu kingine hadi kesho, ili kikikukataa ujue ni kipi.

Sasa tuje kwenye ugali. Watu hudhani tatizo lake ni wanga tu. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, tatizo la kwanza ni namna tunavyoula. Sisi hatutafuni ugali. Tunafinyanga tonge, tunachovya, tunameza. Tonge hilo likifika kwenye mlango mwembamba linakwama, na mgonjwa anahisi kitu kimebana katikati ya kifua, mate yanajaa, mwisho anatapika. Chapati, mkate laini na wali ulioshikana hufanya vivyo hivyo, na mishkaki migumu ndiyo mibaya kuliko yote. Ugali si haramu kwako maisha yako yote. Ila uje mwisho, baada ya samaki na mboga, na uwe kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kilichotafunwa mara 20 au zaidi hadi kiwe uji. Nawashauri wagonjwa waache kula kwa mkono kwa miezi michache na watumie kijiko cha chai. Wengine hucheka. Kijiko kidogo kinakupunguzia mwendo, na mwendo ndio dawa yenyewe. Kwenye nyama, kuku wa kisasa anamshinda wa kienyeji safari hii, maana analainika upesi.

Pimia kwenye kisahani chako mwenyewe, nusu kikombe kwa mlo, kisha usile tena kutoka kwenye sinia. Dalili ya kushiba imebadilika. Usisubiri tumbo lijae. Inaweza kuja kama kwikwi, mafua ya ghafla puani, au uzito chini ya kifua. Hiyo ikija, weka kijiko chini hata kama kimebaki kipande kimoja.

Maji nayo yana utaratibu wake. Sisi hushushia chakula kwa maji, na kifuko kidogo hakiwezi kubeba vyote viwili. Acha kunywa kama nusu saa kabla ya kula na nusu saa baada ya kula. Katikati ya milo nyonya maji kidogo kidogo siku nzima hadi yafike lita moja na nusu au zaidi. Kwa mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo tangu alfajiri hili ni gumu. Wagonjwa wangu wafanyabiashara huniambia wazi kwamba hawanywi maji kwa kuogopa foleni ya choo cha kulipia. Kabla ya upasuaji mwili ulivumilia. Baada yake, upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kurudishwa hospitali. Chupa ikae mkononi, na hela ya choo iingie kwenye bajeti ya siku.

Lengo la kila siku ni protini gramu 60 hadi 80, ili kilo zinazoondoka ziwe za mafuta na si za misuli. Mayai mawili yana gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa vina kama 16. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja kina kama 20, na nusu kikombe cha maharage kina 7. Umefika 55, bado kidogo, na dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mchuzi wanamalizia. Ukipita Feri mapema, hesabu hii inatimia bila kununua kopo la unga wa bei mbaya. Nywele zikianza kukatika mwezi wa tatu au wa nne usitishike. Huchangiwa na kupungua kwa kasi, na kwa kawaida huota tena ukila protini na kunywa vitamini zako. Mafuta ya nywele yanayouzwa kando ya barabara hayatazirudisha.

Vitu vitamu vina adhabu ya papo kwa papo, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo. Glasi ya juisi ya miwa inateremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba, na ndani ya dakika chache moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, mtu anaharisha. Soda ina sukari ileile pamoja na gesi.

Ningependa ukate kipande kinachofuata na kukibandika ukutani. Kutapika mara moja kwa sababu umekula haraka kunasameheka. Kutapika siku nzima, au kila siku kwa siku kadhaa, ni hatari. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu, na ikiisha ubongo unaumia: mgonjwa anaona vitu viwiliviwili, anayumba akitembea, anachanganyikiwa. Nyumbani watasema ni mawazo, au kuna mtu kamfanyia kitu. Kisha anapelekwa zahanati ya karibu na kutundikiwa dripu ya glukosi, na glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kumzidishia. Ndugu unayemsindikiza, mwambie mhudumu maneno haya: “Amepasuliwa tumbo kupunguza uzito, anatapika, tafadhali apewe vitamini B1 kwanza.” Homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, mapigo ya moyo yanayozidi 120 akiwa amepumzika, kukosa pumzi au mguu mmoja kuvimba, hayo ni ya kwenda hospitali kubwa usiku huohuo. Mwenye puto atazame mkojo wake. Maputo mengi hujazwa maji yenye rangi ya bluu, hivyo mkojo ukigeuka bluu au kijani puto limepasuka, na linaweza kuteremka na kuziba utumbo.

Dawa pia. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka la dawa hukupa kwa kutaja tu mgongo, huchimba vidonda kwenye mshono. Omba parasetamo. Mwenye kisukari au presha asiendelee na dozi ya zamani bila kupimwa, kwa sababu sukari inaweza kushuka siku za mwanzo tu baada ya upasuaji. Vidonge vya chuma visinywewe na chai, wala pamoja na vya kalsiamu. Viachanishe kwa saa mbili.

Mama mzazi, najua inavyouma kumwona binti yako akila vijiko vinne na kusema ameshiba. Usimbembeleze, usimpikie uji mzito wenye siagi “apate nguvu.” Na kama mnafikiria huduma hii kwa kijana, ujue madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2023 wanakubali vijana wa miaka 13 na kuendelea wenye kiribatumbo kikali wapelekwe kwa tathmini. Tathmini ni mazungumzo marefu, na swali lake gumu ni kama mtoto huyo atameza vitamini kila siku akiwa bwenini, kisha chuoni, kisha kazini. Aliyepasuliwa huzimeza maisha yake yote. Kuna jambo jingine ambalo mabinti hawaambiwi mapema. Uzito ukishuka, hedhi iliyopotea inaweza kurudi na mimba ikaingia bila kutarajiwa, na baada ya kuunganishwa utumbo vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki vizuri. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, kwa njia isiyopitia tumboni, kama kipandikizi au kitanzi.

Ramadhani ikikukuta katika miezi ya mwanzo, zungumza na daktari wako na shehe wako kabla ya mwezi kuandama. Madaktari wengi wa fani hii hushauri kutofunga angalau miezi sita, wengine mwaka, kwa sababu lita moja na nusu ya maji haiingii kati ya magharibi na alfajiri kwenye kifuko kidogo. Na kaimati za futari umeshajua zitakufanyia nini.

Hospitali zinazotoa huduma hii nazo zina deni. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973 na inavijua vyakula vyetu. Kukaa nayo wakaandika mwongozo wa Kiswahili wenye mtori, dagaa na kunde ndani yake ni kazi ya wiki chache. Aliyepasuliwa nje ya nchi anahitaji pia mlango wa kubisha anaporudi, maana daktari wake yuko mbali na hakuna aliyepangiwa kumfuatilia. Kama ni wewe, usingoje kuumwa. Beba ripoti ya upasuaji, nenda kliniki ya rufaa iliyo karibu, uombe kupimwa damu, madini ya chuma, B12 na vitamini D mwezi wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka. Chupa zako za vitamini nenda nazo, hata zile ulizoacha kunywa.