Sensa Haikuwa na Kosa

Kwa miezi miwili taa ya injini ya gari letu la kubebea jeneza ilikataa kuzimika. Mashine ya fundi ilisoma msimbo P0131, yaani volti ya sensa ya oksijeni ya mbele iko chini mno. Tukanunua sensa mpya kwa fedha za waumini, taa ikarudi. Tukanunua ya pili, ikarudi tena.

Fundi wa tatu hakutuuzia kitu. Aliliwasha gari asubuhi likiwa baridi, akasikiliza, kisha akatuonyesha masizi penye ufa wa bomba la moshi, kabla ya sensa. Hewa ya nje ilinyonywa hapo. Sensa nzima hupanda na kushuka baina ya takriban volti 0.1 na 0.9, ikikuta oksijeni nyingi, hubaki chini. Kumbe ilisema kweli! Ufa ukachomelewa, msimbo ukafutwa, na taa haijarudi.

Msimbo huonyesha pa kuanzia kupima. Hauamrishi cha kununua. Kagueni kwanza nyaya, fyuzi na uvujaji. Sisi tulihukumu kabla ya kuchunguza, na gharama ya sensa zile mbili tumeiandika wazi katika hesabu za kamati.