Epoksi na Mishahara ya Mafundi



Siku hizi maseremala wa Mji wa Kale, mafundi wa milango ya nakshi, wapewa na kazi ya meza za epoksi, ile dawa imiminwayo katikati ya mbao mbili ikaganda kama kioo. Kazi si mbaya.

Lililotuudhi ni hili. Epoksi ikichanganywa hutoa moto wake wenyewe. Ikimiminwa nene moto huzidi, na kwa joto la kaskazi hapa kisiwani huweza kufuka moshi na kupasuka. Hata ile ya kumimina nene ina kipimo chake, kimeandikwa mkebeni. Fundi asema tumimine mara mbili. Tajiri asema mteja yuaja kesho. Meza ikipasuka, fundi ndiye akatwaye mshahara!

Sheria ya Ajira ya 2007 yaruhusu kukata kwa hasara aliyoifanya mfanyakazi kwa makusudi. Kutii amri ya tajiri ni makusudi ya nani?

Tena epoksi mbichi huleta upele, na aliyepatwa huenda asiweze kuishika tena maisha. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, vifaa vya kinga ni juu ya tajiri. Hata glavu, mafundi wengine wajinunulia!

Aliyekatwa mshahara alete hati yake ya malipo ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.