Darasa la Nyumbani: Mimba ya Aibu na Amana ya Walii

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mada ya mwezi huu tumechaguliwa na barua ya mama mmoja. Jina lake na mji wake hatuvitaji, kwani tumeamrishwa kusitiriana. Asema kwamba binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ana mimba ya miezi miwili, na baba hajui bado. Jirani amemwambia kuwa mtoto hatiwi roho ila baada ya miezi minne, na kwa hivyo kumeza vidonge hivi sasa si kuua, ni kama kutoa damu tu. Mama huyu auliza mambo mawili. Je, hayo aliyoambiwa ni ya kweli? Na je, afanye nini?

Swali la kwanza ni la vitabu, na la pili ni la nyumba. Tutaanza na la vitabu, lakini twamwomba msomaji asituache njiani, kwa sababu lile la pili ndilo zito zaidi.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Ibn Mas'ud (R.A.), kwamba umbo la mwanadamu hukusanywa tumboni mwa mamaye siku 40, kisha huwa pande la damu kwa muda kama huo, kisha pande la nyama kwa muda kama huo, kisha hutumwa malaika akalipulizia roho. Hesabu ya hayo ni siku 120. Wanavyuoni wote wamekubaliana kwamba baada ya kupuliziwa roho, kuiharibu mimba ni haramu, kwani ni kuua nafsi.

Kabla ya hapo ndipo walipohitilafiana. Wanavyuoni wa Kimaliki, kwa kauli yao yenye nguvu, wamekataza hata kabla ya siku 40. Baadhi ya Mahanbali wameruhusu ndani ya siku 40 za mwanzo peke yake. Miongoni mwa Mahanafi wako walioruhusu kabla ya roho, na wengi wao wakataka pawepo udhuru. Na mfano waliotoa ni wa mama anyonyeshaye ambaye maziwa yake yamekatika kwa sababu ya mimba mpya, na baba hana uwezo wa kuajiri mnyonyeshaji, wakaogopa mtoto aliyekwisha zaliwa asije akafa. Ama sisi Mashafii wa mwambao huu, ndani ya madhehebu yetu pia mna hitilafu. Lakini Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, ameeleza katika Ihyaa kwamba kuiharibu mimba si sawa na kuizuia isitunge. Kuiharibu ni kukikosea kitu ambacho kimekwisha kuwapo, na kosa hilo huanza tangu mwanzo wa kutunga, kisha huzidi uzito kila mimba ipandapo daraja.

Tazama tena hukumu ya Mtume (S.A.W.) juu ya wanawake wawili wa kabila la Hudhail. Waligombana, mmoja akamtupia mwenziwe jiwe, na mimba ikafa tumboni. Mtume aliamuru itolewe fidia iitwayo ghurra, ambayo wanavyuoni wameikadiria kuwa ni sehemu moja katika ishirini ya diya kamili, yaani ngamia watano. Kitu kisicho na thamani hakitolewi fidia.

Basi jirani yule ameshika nusu ya maneno. Ni kweli kwamba roho ina wakati wake. Si kweli kwamba kabla ya wakati huo tumbo la mama ni uwanja usio na mwenyewe. Wala hitilafu ya wanavyuoni si soko, mtu apite akichagua kilicho rahisi. Wengi katika wale walioruhusu waliuliza kwanza: udhuru ni upi?

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wote huu. Udhuru mkubwa kuliko zote ni uhai wa mama. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1252 Hijria, ameandika kwamba mtoto aliye hai tumboni hauawi kwa kumwokoa mamaye, kwa kuwa kufa kwa mama ni jambo la kudhaniwa, wala nafsi haiuawi kwa dhana. Zama zake hapakuwa na kipimo cha damu wala picha ya tumbo. Marehemu Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar tangu mwaka 1958 hata 1963, alisema kwamba ikithibiti kwa njia ya kutegemewa kuwa kuibakisha mimba kutamwua mama, basi kanuni ya Sharia ni kuchukua dhara iliyo nyepesi: mama ndiye shina, uhai wake umekwisha thabiti, na ana haki na wajibu, basi haachwi afe kwa ajili ya tawi ambalo halijajitegemea. Na mwaka 1990 Baraza la Fiqhi la Makka liliamua kwamba baada ya siku 120 mimba haitolewi ila kamati ya madaktari waaminifu ikithibitisha kuwa kubaki kwake ni hatari ya hakika kwa uhai wa mama. Na kabla ya siku hizo yaweza kutolewa ikiwa madaktari wamethibitisha kwa vipimo kwamba mtoto ana kilema kikubwa kisichotibika, na wazazi wakaomba. Na wako wanavyuoni wa zama hizi waliomruhusu mwanamke aliyenajisiwa kwa nguvu, kabla ya roho kupuliziwa.

Kwa hivyo mume anayeambiwa na daktari kwamba mimba ya mkewe imetunga nje ya kizazi, asikae akingojea fatwa. Mimba hiyo haiwezi kukua ikazaliwa, na mrija ukipasuka mama aweza kufa siku ile ile. Atie sahihi, mkewe atibiwe.

Tukitoka katika vitabu vya dini tukaingia katika sheria za serikali, twaona mjadala ule ule kwa lugha nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara imeweka kifungo hata cha miaka 14 kwa mwenye kujaribu kumtoa mwanamke mimba, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa mwenye kumpa dawa au chombo hali akijua makusudio. Lakini daktari aliyepasua kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama hana kosa. Maneno hayo tumeyarithi kwa Waingereza, na asili yake ni sheria yao ya mwaka 1861, ambayo wao wenyewe waliilegeza mwaka 1967. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba waliyoipigia kura mwezi wa Agosti 2010, wameandika kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba mimba haitolewi ila mtaalamu wa afya akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Tena uko Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003 juu ya haki za wanawake wa Afrika, unaotaja pia mimba ya kunajisiwa na ya maharimu. Tanzania iliuridhia mwaka 2007. Kenya iliuridhia mwaka 2010, lakini ikajitoa katika kifungu hicho.

Wanaotaka sheria ilegezwe wasema kwamba ukali haujazuia jambo, umelipeleka gizani tu, kwenye mizizi, na vyuma, na vidonge vya kununua kwa siri, na wasichana wanakufa. Wanaotaka ikazwe wasema kwamba mlango ukifunguliwa kidogo utafunguka wote, na watu watatupa mimba kama watupavyo maji. Kila upande una neno la kusikilizwa. Lakini pande zote mbili zazungumza juu ya hakimu na daktari, nazo zasahau kwamba binti, kabla hajamfikia hakimu wala daktari, yumo nyumbani kwa babaye. Uamuzi mwingi hufanyika humo, usiku, kwa kunong'ona.

Turudi basi kwenye swali la udhuru. Katika nyudhuru tulizozitaja, uhai wa mama umo, na mtoto anyonyaye umo. Aibu ya baba msikitini haimo. Maneno ya watu kisimani na dukani hayamo. Na hofu ya ufukara imekatazwa wazi, kwani katika Suratul Israai, aya ya 31, Mwenyezi Mungu amewakataza watu wasiwaue watoto wao kwa kuogopa umaskini, akaahidi kuwaruzuku watoto na wazazi pamoja. Waarabu wa Jahilia waliowazika mabinti zao hai hawakuwachukia mabinti. Waliogopa ulimi wa watu. Basi mzazi ajiulize yeye anaogopa nini.

Sasa msikilizeni Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi Muslim, kwa Imran bin Huswain (R.A.), kwamba mwanamke wa kabila la Juhaina alikuja kwa Mtume hali ana mimba ya zinaa, akakiri dhambi yake. Mtume hakuanza kwa kumkemea. Alimwita walii wake, akamwamuru amtendee wema mwanamke yule mpaka ajifungue. Na Imam Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, ameeleza kwamba moja katika sababu za amri ile ni kuwaogopea jamaa zake, wasije wakamdhuru kwa wivu na kwa kuona aibu. Fahamu, ewe msomaji! Dhambi imethibiti, mimba ni ya haramu, na amri ya kwanza iliyotolewa haikumwendea mwanamke, ilimwendea walii: mtendee wema. Na alipotajwa kwa ubaya yule mwanamke wa Ghamid, ambaye hukumu yake iliakhirishwa hata akazaa na akamwachisha mtoto maziwa, Mtume alimkataza Khalid bin Walid asimtukane, kwa ukubwa wa toba yake.

Kwa hivyo baba anayemwambia bintiye, "Toka, sikutaki nyumbani kwangu," naye akijua kwamba huko nje hapana pa kwenda ila kwa mwenye mizizi, asidhani kuwa amejitakasa. Na mama anayemshika mkono bintiye usiku kumpeleka huko, asidhani kuwa amemsitiri. Sitara ni kuufunga mdomo wako juu ya aibu ya mtu, si kumwaga damu yake ili aibu isionekane.

Haya sasa ni majibu yetu kwa mama aliyetuandikia, na kwa kila aliye katika hali kama yake.

Kwanza, vidonge vile asivimeze. Kuogopa kusemwa si udhuru, na mwili wa binti yako ni amana. Ikiwa kuna aliyekwisha kumeza dawa, naye anatoka damu nyingi, au ana homa, au tumbo lamkata, apelekwe hospitali saa ile ile, na waganga waelezwe ukweli, ili wajue namna ya kumtibu. Hospitali zetu hutibu mimba iliyoharibika. Kumficha chumbani mpaka afe ni dhambi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza.

Pili, mpeleke kliniki apimwe. Mwili mchanga una hatari zake katika mimba, na akitokea daktari mwaminifu akasema uhai wake umo hatarini, basi hukumu ni ile tuliyoieleza.

Tatu, baba aambiwe, lakini si na mama peke yake kama unamwogopea hasira. Mchukue mjomba, au shangazi mwenye busara, au mwalimu wake wa dini, na hadithi ya Juhaina isomwe kabla ya habari.

Nne, masomo hayajesha. Tangu mwezi wa Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya kujifungua kurudi shuleni. Hofu hii moja, ambayo imewapeleka wengi kwenye mizizi, imeondolewa.

Tano, mwanamume aulizwe. Ni ajabu kwamba mimba huwa na mtu mmoja tu wa kulaumiwa. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kuna kifungo cha miaka 30. Wazazi wanaopokea fedha wakanyamaza wameiuza haki isiyo yao.

Sita, mtoto akizaliwa apewe jina zuri, alelewe kama wengine. Nasaba yake ni kwa mamaye, naye humrithi mamaye na mamaye humrithi yeye, wala hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Asiitwe kwa dhambi ya waliomzaa.

Na kwa majirani neno letu ni fupi. Kila ulimi uliomsengenya msichana wa watu mpaka wa pili akaogopa kusema, una sehemu yake katika damu iliyomwagika. Ukiona tumbo la binti wa jirani limekuwa kubwa, mpelekee mamaye uji, kisha unyamaze.

Mola wetu awasitiri mabinti zetu kwa sitara yake, awape walii wao nyoyo laini, na awasamehe waliotubu. Amin. Wabillahit tawfiq.