Mitrović hakuwa galasa, alikosa krosi

Novemba 12, 2020, Aleksandar Mitrović alikwenda kupiga tuta la mwisho la Serbia mjini Belgrade. Serbia na Scotland zilikuwa zimetoka sare ya 1-1, wapigaji tisa waliomtangulia walikuwa wamefunga wote, na aliyeshinda angekwenda Euro. Kipa David Marshall akaupangua mpira. Scotland wakafuzu, Serbia wakabaki nyumbani.

Msimu ule mzima ulimwendea kombo. Katika Ligi Kuu England aliifungia Fulham mabao matatu tu, kocha Scott Parker akamzoesha benchi, na timu ikashuka daraja. Wachambuzi wakahukumu upesi: huyu anaiweza Championship, Ligi Kuu imemshinda. Vijiweni wangesema kwa neno moja, galasa.

Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Fulham ile ilifunga mabao 27 katika mechi 38, na kinara wao, Bobby Decordova-Reid, aliishia mabao matano. Timu ikifunga mabao 27 msimu mzima, lawama haziwezi kumwangukia straika peke yake. Tatizo lilianza nyuma yake, kwa viungo na mawinga ambao mpira haukuwa ukiwatoka kwenda ndani ya boksi.

Na boksi ndiyo makazi ya Mitrović. Hana mbio za kuwaacha mabeki, wala si mtu wa kuanza na mpira katikati ya uwanja akapangua watatu. Kazi yake ni kumwegemea beki, kumtoroka kwa hatua moja, kisha kuruka na kupiga kichwa. Straika wa namna hii bila krosi ni mvuvi aliyekaa ufukweni bila ngalawa; ustadi anao, ila samaki hawamfuati nchi kavu.

Ushahidi upo tangu alipoanza. Mzaliwa huyu wa Smederevo, mwaka 1994, alilelewa Partizan, akatajwa mchezaji bora wa Euro ya vijana chini ya miaka 19 ambayo Serbia ilitwaa Lithuania mwaka 2013, kisha Anderlecht wakamnunua. Msimu wa 2014-15 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji kwa mabao 20. Newcastle mambo yalikwama. Alipopelekwa Fulham kwa mkopo Januari 2018, alifunga 12 ndani ya nusu msimu na timu ikapanda daraja. Mtu yuleyule, miguu ileile.

Kisha akaja Marco Silva, msimu wa 2021-22. Kocha huyu Mreno hakumtaka Mitrović abadilike, aliibadilisha timu imzunguke. Mabeki wa pembeni walipanda, Harry Wilson akatoa pasi 19 za mabao, na upande wa pili akawapo Neeskens Kebano, winga wa timu ya taifa ya DR Congo, ambaye naye alifunga tisa. Blackburn walipigwa 7-0, Reading 7-0, Luton 7-0. Fulham ilimaliza na mabao 106 pamoja na ubingwa wa Championship. Mitrović alifunga 43 katika mechi 44, akavunja rekodi ya daraja la pili katika enzi za Ligi Kuu, ya mabao 42, iliyowekwa na Guy Whittingham wa Portsmouth msimu wa 1992-93.

Wapo watakaosema daraja la pili ni rahisi. Ni hoja yenye uzito, lakini msimu uliofuata unaijibu. Fulham walirudi Ligi Kuu na kocha yuleyule, Mitrović akafunga mabao 14 katika mechi 24, timu ikashika nafasi ya 10. Angefunga zaidi kama asingemsukuma mwamuzi Chris Kavanagh pale Old Trafford Machi 2023, katika robo fainali ya Kombe la FA waliyokuwa wakiongoza kwa bao lake mwenyewe. Alifungiwa mechi nane, na adhabu hiyo aliistahili. Mchezaji kumshika mwamuzi hakuna utetezi, hata kwa anayempenda.

Kwenye timu ya taifa hadithi ni ileile, na jina la kuliangalia ni Dušan Tadić. Kombe la Dunia 2018, dakika ya tano dhidi ya Uswisi: krosi ya Tadić, kichwa cha Mitrović. Kombe la Dunia 2022, Uswisi tena: krosi ya Tadić, kichwa cha Mitrović. Katikati ya hayo kuna usiku wa Lisbon, Novemba 14, 2021, mwaka mmoja na siku mbili baada ya lile tuta la Belgrade. Ureno walihitaji sare tu ili kufuzu Kombe la Dunia, na ubao ulisoma 1-1 hadi dakika ya 90. Mitrović alikuwa ameingia kutoka benchi. Tadić akainua mpira hadi nguzo ya mbali, Mitrović akaupiga kwa kichwa, Serbia wakaenda Qatar moja kwa moja. Cristiano Ronaldo na wenzake wakaangukia mchujo.

Tangu hapo amepita Al-Hilal ya Saudi Arabia, ambako alifunga mabao 28 ya ligi katika msimu wa 2023-24 na kutwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja, kabla ya kuhamia Al-Rayyan ya Qatar. Ubora wa ligi za Ghuba utaendelea kubishaniwa. Rekodi yake na Serbia haina ubishi.

Stjepan Bobek aliifungia Yugoslavia, ambayo Serbia imerithi rekodi zake, mabao 38 kati ya 1946 na 1956, na hakuna aliyempita kwa zaidi ya miaka 60. Mitrović alimpita Machi 2021, ndani ya wiki moja aliyofunga mara mbili dhidi ya Ireland, mara moja dhidi ya Ureno na mara mbili dhidi ya Azerbaijan. Huo ulikuwa msimu uleule ambao Fulham walipata kwake mabao matatu.