WAZEE WETU WANYIMWE HATA KIVULI?

Twasema waziwazi: mzee wa Nairobi asiye na pa kutembea wala pa kuketi kivulini hakukosa kwa bahati mbaya. Amenyang'anywa. Viwanja vya umma vilivyotengwa kwa ajili yake na wajukuu wake viligawiwa marafiki wa wakubwa, na Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilianika uporaji huo mchana peupe.

Wapo wanaotucheka: eti watu wana njaa, nanyi mnadai miti! Kejeli za namna hiyo alirushiwa Profesa Wangari Maathai mwaka 1989, alipopinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Jumba halikujengwa. Ni katika bustani hiyo hiyo, mwaka 1992, ambapo akina mama wa wafungwa wa kisiasa, baadhi yao bibi wenye mvi, waligoma kula wakidai wana wao. Polisi walipowapiga, Kanisa Kuu la All Saints liliwapa hifadhi. Kizazi kilichoilinda bustani ile ndicho sasa kimezeeka.

Shirika la Afya Duniani lamshauri mtu wa miaka 65 na zaidi apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kumwimarisha asianguke. Atayafanyia wapi? Kando ya Barabara ya Jogoo, akikwepa matatu na bodaboda? Basi hujifungia chumbani. Magoti yakakakamaa, shinikizo la damu likapanda, na upweke (ambao hauna kidonge) ukamla polepole. Msitu wa Karura upo, naam, lakini uko mbali na Kayole, na langoni kuna ada.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo hatuombi hisani. Twaitaka Kaunti ya Nairobi itangaze, wadi kwa wadi, orodha ya viwanja vyote vya wazi pamoja na majina ya wanaovikalia. Twataka viti vyenye egemeo, vyoo, na njia zisizo na ngazi.

Nanyi wachungaji wetu, mbona nyua za makanisa zinasakafiwa kwa ajili ya magari ya Jumapili, kisha malango yafungwe hadi Jumapili nyingine? Yafungueni, na miti iliyosalia humo msiikate.