D-8: Udugu upo, meli iko wapi?

Labda hujawahi kusikia jina D-8, na hauko peke yako. Lakini nchi za D-8 ziko jikoni kwenu tayari. Mafuta yanayokaanga chapo mtaani kwako, mengi yametokana na mawese ya Malaysia na Indonesia. Chai inayouzwa kwa mnada pale Mombasa, mnunuzi wake mkubwa ni Pakistan, na Misri haiko mbali. Ukishuka Eastleigh kutafuta suti au dera, utaona lebo ya Uturuki kila duka la pili.

Nchi hizo tano, pamoja na Bangladesh, Iran na Nigeria, ndizo zilizounda D-8 jijini Istanbul tarehe 15 Juni 1997. Zote ni nchi zinazoendelea, zote zina Waislamu wengi, na kwa jumla zina zaidi ya watu bilioni moja. Mnamo Desemba 2024 walimkaribisha mwanachama wa tisa, Azerbaijan. Jina halikubadilika.

Wazo lilikuwa la Necmettin Erbakan, Waziri Mkuu wa Uturuki wakati huo. Aliona mataifa tajiri yakikaa kwenye meza yao ya G7 na kupanga mambo ya dunia, akajiuliza: mbona sisi wenye watu, mafuta, pamba na mashamba tusiwe na meza yetu? Swali zuri. Shida ni kwamba siku tatu tu baada ya mkutano wa kwanza, Erbakan alijiuzulu kwa shinikizo la jeshi. D-8 ilibaki kama mtoto aliyeachiwa majirani wamlee. Haikufa, ina ofisi kuu Istanbul na marais wanakutana. Lakini je, inafanya biashara?

Hebu chukua mfano mmoja. Pakistan na Bangladesh ni waanzilishi wote wawili. Viongozi wao wamekaa meza moja na kutia saini matamko mengi tangu 1997. Sasa jiulize: meli ya mizigo ya moja kwa moja kutoka Karachi hadi Chittagong ilifika lini? Novemba 2024. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miongo kadhaa, tangu nchi hizo zitengane kwa vita mwaka 1971. Kabla ya hapo mzigo ulizungukia bandari za nchi nyingine. Na kilichofungua njia hiyo hakikuwa D-8. Ni vijana wa Bangladesh walioingia barabarani Julai na Agosti 2024 wakipinga mgao wa kazi za serikali, hadi Sheikh Hasina akakimbia nchi. Serikali mpya ilipoingia, uhusiano na Pakistan ukalainika, na meli ikaja.

Hapo ndipo penye funzo. Kukaa chama kimoja hakutoshi, hata mkiwa na dini moja. Biashara inafuata njia, pesa na ushuru, na hivyo vitatu vina wenyewe.

Tuanze na ushuru. D-8 ilitia saini mkataba wa kupunguziana ushuru mwaka 2006 huko Bali, ukaanza kutumika 2011. Lakini ni wa kupunguza tu, tena kwa sehemu ndogo ya bidhaa. Haufuti ushuru. Kwani ni nini kinawazuia kwenda mbali zaidi? Wengi wao wamefungwa na mikataba ya nyumbani. Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya tangu mwisho wa 1995, kwa hivyo bidhaa za viwandani hutozwa kwa viwango vya Ulaya. Nigeria iko ECOWAS, ambako kuna ushuru wa pamoja kwa vitu vinavyotoka nje. Malaysia na Indonesia ziko ASEAN. Misri iko COMESA, pamoja na sisi. Kila mmoja anakuja D-8 mikono ikiwa imeshikwa na jirani.

Ndiyo maana walipotaka kuuziana kikweli, walikaa wawili wawili. Malaysia na Pakistan zina mkataba wao tangu 2008. Indonesia na Pakistan walianza wao 2013, na mawese yakawa ndani. Uturuki na Malaysia wakafuata 2015. Na bomba la gesi kutoka Iran hadi Uturuki, lililokubaliwa Erbakan alipozuru Tehran Agosti 1996, lilianza kupitisha gesi 2001. Hakuna tamko linaloweza kushindana na bomba.

Pili, pesa. Iran ina mafuta na gesi, ina viwanda, ina vijana waliosoma. Lakini vikwazo vya Marekani vimeziba njia ya benki. Mfanyabiashara wa Lagos au Dhaka anaweza kutaka bidhaa ya Tehran leo, ila benki yake itaogopa kutuma hata dola moja kwa sababu hakuna benki inayotaka kukosana na New York. Viongozi wanasema wanataka kulipana kwa sarafu zao wenyewe. Sawa. Lakini muuzaji wa Uturuki akilipwa naira, atazinunulia nini? Hadi jibu lipatikane, dola itabaki bosi.

Tatu, wengi wanauza vitu vinavyofanana. Bangladesh, Pakistan, Uturuki na Misri wote wanashona nguo na wote wanamwangalia mteja yuleyule wa Ulaya na Marekani. Malaysia na Indonesia zote zinauza mawese. Iran na Nigeria zote zinauza mafuta ghafi. Wauza mitumba wawili wa Gikomba wanaweza kupendana sana, lakini hawauziani.

Hata alama ya halali, kitu ambacho ungedhani kingewaunganisha kirahisi, kila nchi ina yake. Malaysia ina idara yake, Indonesia ina sheria yake ya 2014 na wakala wake. Mwenye kiwanda kidogo cha biskuti anayetaka masoko mawili lazima ahakikishe pande zote mbili zinaikubali karatasi yake. Kampuni kubwa inaweza kuajiri mtu wa kushughulikia hilo. Wewe mwenye oveni mbili huwezi.

Sasa hili linakuhusu vipi wewe kijana wa Nairobi au Mombasa? Kenya si mwanachama. Lakini kumbuka mkutano wa Cairo wa Desemba 2024. Mada yake ilikuwa kuwekeza kwa vijana na kusaidia biashara ndogo. Mada tamu. Mwaka huohuo vijana wa Bangladesh walikuwa wameangusha serikali, wa Nigeria wameandamana Agosti kwa sababu ya njaa na bei za vitu, na hapa kwetu Gen Z wamejaa barabarani Juni kupinga Mswada wa Fedha. Muhammad Yunus, mshindi wa Nobeli wa mwaka 2006 aliyejulikana kwa mikopo midogo ya maskini, alikaa Cairo akiiwakilisha Bangladesh kwa sababu vijana walikuwa wamefungua hicho kiti. Viongozi walijua kabisa ni nani anayegonga mlango. Wakajibu kwa mada, na kwa lengo la kufikisha biashara kati yao dola bilioni 500 ifikapo 2030.

Lengo si baya. Lakini idadi kubwa ya mabilioni inaweza kutimizwa na meli chache za mafuta na mawese bila kijana hata mmoja kupata kazi. Msichana wa Lagos anayeshona mikoba hahesabiwi hapo, hadi aweze kutuma mzigo mdogo Istanbul, alipwe bila kukatwa robo ya pesa njiani, na asisubiri cheti miezi mitatu.

Sisi pia tuna meza zetu: Jumuiya ya Afrika Mashariki, COMESA, na eneo huru la biashara la Afrika, ambalo Misri na Nigeria zimo. Viongozi wetu nao hupiga picha na kutia saini. Kwa hivyo wakirudi kutoka mkutano mwingine, usiwaulize walikubaliana nini. Waulize mambo matatu. Ni ushuru gani umeshuka, kwa bidhaa ipi, kuanzia tarehe gani? Nikiuza Cairo au Accra, nitalipwa kupitia wapi, na makato ni ngapi? Mzigo wangu wa kilo 20 utasafiri na nani, kwa siku ngapi?

Wakishindwa kujibu, basi jua walienda kupiga picha. Wakijibu hata moja, lishike hilo, liweke kwenye mtandao, na uwafuatilie mwaka ujao.