Afya Yenu: Sikio Halichokolewi

Karani akiwa mezani hulikuna sikio lake kwa ncha ya penseli; mkulima akiwa shambani hulichokoa kwa njiti ya kibiriti. Wote wawili hudhani kwamba wanalisafisha, kumbe wanaufungulia ugonjwa mlango.

Njia iendayo ndani ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kadiri ya sentimita 2.5, nayo huishia kwenye kiwambo. Nta iliyomo si uchafu. Huikinga ngozi isilowe maji, tena huzuia vijidudu visistawi. Kisha hutoka yenyewe polepole. Nta ikikwanguliwa, ngozi ikachubuka, na maji ya kuoga yakatuama humo, vijidudu hupata mahali pa kuzaliana.

Ugonjwa huanza kwa mwasho. Kisha sikio huuma, huvimba, huziba, na pengine hutoa usaha. Dalili yake kubwa ni hii: sikio likivutwa, au kinundu kilicho mbele ya tundu kikibonyezwa, maumivu huzidi. Katika ugonjwa ulio nyuma ya kiwambo, ambao huwapata sana watoto wadogo, kwa kawaida sivyo.

Mgonjwa yampasa aende zahanati sikio litazamwe. Akipewa dawa ya matone, ambayo mara nyingi hutumiwa siku 7 hadi 10, na alale kwa ubavu, sikio bovu likielekea juu, akae hivyo dakika 3 hadi 5. Asiikatize dawa kwa sababu maumivu yametulia. Siku hizo zote maji yasiingie sikioni. Wala asitie mafuta ya moto, wala mafuta ya taa, wala dawa aliyoazimwa na jirani. Maana kiwambo kikiwa kimetoboka, baadhi ya dawa zaweza kumpotezea mtu usikivu wake.

Mwenye ugonjwa wa sukari, hasa akiwa mzee, asingoje hata siku moja. Kwake yeye ugonjwa huu waweza kupenya hadi mfupa wa fuvu na kuhatarisha uhai. Maumivu yakizidi usiku, au uso ukipooza upande mmoja, apelekwe hospitali upesi.

Kujikinga si kazi ngumu wala hakuna gharama. Baada ya kuoga au kuogelea, kichwa kiinamishwe upande huu na upande huu mpaka maji yatoke, kisha sikio lifutwe kwa kitambaa kikavu, nje tu. Watoto nao wafundishwe hivyo tangu udogo wao.